Ekzosi ya Kelele: Nguvu au Mbwembwe?
Washkaji, tusidanganyane. Ukiifunga Starlet isiyo na tabo ekzosi pana yenye mngurumo, masikio ndiyo yatakayokwambia inakimbia. Injini inaongeza hospawa chache tu. Tena bomba likizidi upana, moshi unapoteza kasi na gari linakuwa zito kuondoka kwenye mataa.

Anayefaidi ni mwenye Subaru Impreza ya tabo: moshi ukipata njia, tabo inachanganya mapema, na mwendo unausikia mgongoni.

Mimi ushauri wangu ni huu. Kabla hujampa fundi hela, panda kilima kimoja kwa gia moja, mshkaji ashike saa. Ukishafunga, rudia. Saa haina mbwembwe. Tofauti isipoonekana, ujue umenunua kelele, na majirani hawalali.