Dalili za Kwanza za Ugonjwa wa Ini

Mkulima wa Ngaramtoni akiona mawingu yametanda juu ya Mlima Meru huanua mahindi yake mara moja, wala hangoji tone la kwanza. Lakini mtu huyo huyo, mwili wake ukimwonya, huweza kukaa miezi bila kujali. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu dalili za ugonjwa wa ini, maana huingia kimya kimya.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na la mtu mzima lina uzito upatao kilo moja na nusu. Kazi yake ni kuondoa sumu katika damu, kutengeneza nyongo, na kuweka akiba ya chakula cha mwili. Likiumia sehemu moja, sehemu nyingine huendelea na kazi. Ndiyo sababu mwanzoni mgonjwa haoni maumivu makali.

Dalili za kwanza ni hizi. Kwanza, uchovu usiokwisha hata mtu akilala. Pili, kukosa hamu ya chakula na kuchafukwa na moyo. Tatu, uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia. Nne, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, na choo kuwa cheupe kama majivu. Tano, mwili kuwasha pasipo vipele. Mwisho weupe wa macho hugeuka manjano. Mtazameni mgonjwa nje, mchana, si kwa mwanga wa taa. Na tazameni macho, kwa kuwa katika ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani upesi. Tumbo likijaa maji au mtu akitapika damu, hizo si dalili za kwanza tena. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Wengi wakipata homa na uchovu husema, "Ni malaria tu." Yafaa damu ipimwe. Ikiwa malaria haikuonekana, msinywe dawa zake tena na tena, bali mwulizeni mganga wa hospitali habari za ini. Watu wa Ngaramtoni hawana safari ndefu, kwa kuwa hospitali ya Selian i karibu.

Jambo hili si la mbali. Mwaka 2004 huko Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na 125 walikufa. Mwaka 2016 sumu hiyo ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walikufa. Manyara ni jirani zetu. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Basi kausheni mahindi na karanga vizuri, wekeni magunia juu ya mbao, na yaliyoota ukungu yatupwe. Msiyapikie pombe wala msiwape ng'ombe, kwani sumu hupita katika maziwa.

Adui wa pili ni homa ya ini aina ya B, ambayo hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na toka kwa mama hata mtoto wakati wa kuzaa. Mtu aweza kuwa nayo miaka mingi bila dalili yo yote. Chanjo yake ilianza kupewa watoto wote wa Tanzania mwaka 2002. Siku hizi hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliozaliwa kabla ya hapo yawapasa kupimwa damu. Adui wa tatu ni pombe nyingi.

Wazee wa vijiji na walimu, tafadhalini wasomeeni habari hizi wasiojua kusoma. Asiyengoja mvua kwa mahindi yake, asingoje macho ya manjano kwa mtoto wake.