HESABU ZA WANACHAMA KATIKA KOMPYUTA: TUACHE VYA KUAZIMA



Chama kinachotunza hesabu katika kompyuta hakina budi kuelewa jambo lifuatalo, ingawa kazi yenyewe ni ya fundi.

Tuchukue mfano. Mwanachama ana kilo 300 za korosho kitabuni. Makarani wawili wanampokelea mizigo katika mizani mbili, mmoja kilo 80, wa pili kilo 50. Wote wanasoma 300 kwa wakati mmoja. Wa kwanza anaandika 380. Wa pili, asiye na habari za mwenzake, anaifuta na kuandika 350. Haki ya mkulima ni kilo 430. Kilo 80 zimepotea, wala hakuna mwizi.

Ndani ya programu, makarani hao huitwa nyuzi. Dawa yao ni kufuli: aliyetangulia amalize kuandika, ndipo mwenzake asome.

Lugha ya Java ilikuwa na kufuli sahili tangu awali. Vifaa bora zaidi vilikuja katika toleo la 5, mwaka 2004, na sehemu kubwa ni matunda ya kazi ya Doug Lea, mwalimu wa chuo kikuu huko Oswego, Marekani. Waliobaki na toleo la 1.4 walitengenezewa nakala iitwayo backport-util-concurrent. Ilifaa sana wakati wake, kama ndoo ya maji iliyopandishwa Newala kutoka bondeni. Lakini bomba likifika mlangoni, safari ya bondeni ni ya nini?

Nakala hiyo haiendelezwi tena. Kasoro ikionekana, hakuna wa kuirekebisha. Vifaa asilia hurekebishwa pamoja na Java yenyewe. Aidha, huhesabu kwa kutumia uwezo wa mashine moja kwa moja, ilhali nakala ililazimika kufunga kufuli hata kwa kuongeza moja tu.

Kama programu ya chama ni ya Java na ina nakala hiyo, fundi afuate hatua hizi:

1. Athibitishe kuwa Java iliyopo ni toleo la 5 au la baadaye.
2. Majina yanayoanza na edu.emory.mathcs.backport.java.util.concurrent yaanze na java.util.concurrent.
3. Visaidizi vya nakala vibadilishwe kimoja kimoja. Kwa mfano, Utils.nanoTime iwe System.nanoTime.
4. Aondoe faili la nakala baada ya kuhakikisha kuwa hakuna sehemu nyingine inayolitegemea.

Kisha Katibu asimamie jaribio. Zile 80 na 50 ziingizwe kwa pamoja, na jibu liwe 430. Jaribio lirudiwe mara nyingi, kwa maana kosa la aina hii hujificha, likatokea siku ya foleni ndefu.

Kazi hii ifanyike kabla ya msimu kufunguliwa, na daftari la karatasi liendelee kujazwa hadi hesabu mbili zilingane. Mkulima akishakabidhi gunia lake, ushahidi wake ni maandishi yetu.