Bwana Grogan na Jina la Mkewe

Mwaka jana nilikwenda Nairobi kumjulia hali binti yangu. Siku ya pili mjukuu wangu akashikwa na homa, tukampeleka katika hospitali ya watoto iliyoko Muthaiga, ile iitwayo Gertrude's. Tulipokuwa tumekaa kungoja zamu yetu, binti yangu akaniuliza, "Baba, kwani huyu Gertrude ni nani?"

Nikamjibu, "Ni mke wa Grogan."

"Grogan ya mafundi wa magari?"

Nilicheka, lakini swali lile sikuliacha hospitalini. Nilirudi nalo Mombasa, na leo napenda tulizungumze pamoja, wasomaji wangu, kwa kuwa habari za mtu huyu zimepita mpaka mlangoni mwetu.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwaka 1874, katika nyumba ya mzee aliyejaaliwa watoto 21. Alipelekwa kusoma Cambridge, akafukuzwa kwa utundu. Mwaka 1896 alikuwa kusini mwa Afrika, akipigana upande wa Waingereza katika vita dhidi ya Wandebele. Baadaye alikwenda New Zealand, akampenda msichana aitwaye Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana aliitazama posa ile kwa jicho la shaka. Kijana huyu ana nini, naye amefanya nini duniani?

Grogan akasema atatembea Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, jambo ambalo Mzungu hajapata kulifanya. Alitoka Beira mwaka 1898, akapita kandokando ya maziwa makuu, akakata madimbwi ya mto Naili, na mwanzoni mwa mwaka 1900 akaingia Cairo. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha safari yake, akamwoa Gertrude. Wengine hutoa mahari kwa fedha, yeye aliitoa kwa miguu. Ila tusisahau kwamba mizigo haikutembea yenyewe. Ilikuwa vichwani mwa wapagazi, na wapagazi hawakutoa vitabu.

Mwaka 1904 mtu na mkewe walihamia nchi hii, wakawa miongoni mwa walowezi wa mwanzo. Grogan alikuwa na macho ya mbali. Aliomba misitu ya mbao bara, na huku kwetu akajipatia ufuko wa Mbaraki, pale karibu na ule mnara wa kale tunaoujua sote. Alijua kwamba meli kubwa zitahitaji mahali pa kufunga. Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilibidi iinunue ardhi ile kutoka kwake. Wenyeji wa Mombasa, ambao babu zao walivua na kusali pale kabla London haijalisikia jina la Mbaraki, walikuwa watazamaji tu.

Sasa nifike penye uchungu. Mwezi wa Machi mwaka 1907, Grogan, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachukua Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta riksho, akawapiga viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Kosa lao, kwa madai yake, ni kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Hakimu alijaribu kumzuia asisikizwe. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, akakaa nacho katika nyumba ya starehe kuliko vyumba vya wengi waliokuwa huru. Tangu siku ile kila aliyeandika habari zake amelazimika kuandika na hiyo.

Vita vya 1914 vilipozuka alivaa tena magwanda, akatumika katika idara ya upelelezi na kuwa kiungo kati ya Waingereza na Wabelgiji. Alipewa nishani. Taveta, mji wa mpakani uliotekwa na Wajerumani mwanzoni mwa vita na kukombolewa mwaka 1916, ndiko alikokuja kujipatia maelfu na maelfu ya ekari. Akalima mkonge, akavuta maji ya chemchemi kwa mifereji, na katika miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima nyumba nyeupe kama ngome, inayotazamana na Kilimanjaro. Nimeiona nyumba hiyo. Ukisimama barazani, macho yanakwenda mpaka yachoke. Nikajiuliza, wenye macho haya wanaoishi kule chini, wamebakiwa na ekari ngapi? Swali la ardhi Taveta halikuzikwa pamoja naye.

Na wale waliobeba mizigo katika vita hivyo? Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Nairobi ina mtaa uitwao Kariokor, jina lililotokana na kikosi chao. Si mbali na hapo kuna njia iliyoitwa Grogan Road, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Kirinyaga. Kibao kilibadilishwa, lakini mafundi na wauza vipuri wanaendelea kusema "Grogan", wengi wao bila kujua kuwa ni jina la mtu.

Gertrude alimzalia mabinti wanne. Alifariki mwaka 1943, na mumewe, aliyezoea kutwaa, safari hii akatoa. Alitoa ardhi Muthaiga ijengwe hospitali ya watoto kwa kumbukumbu ya mkewe, ikafunguliwa mwaka 1947. Zama hizo hospitali zilibagua watu kwa rangi. Leo mtoto wa Lamu na wa Kisumu wanalala vitanda jirani. Grogan mwenyewe alifia Cape Town mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 92, katika ile ile ncha ya kusini aliyofikia ujanani.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Hukumu ya Grogan si yangu, ina mwenyewe. Mimi naona tu yaliyobaki duniani. Mbaraki haina jina lake. Njia yake imebadilishwa jina. Mkonge umekuwa ugomvi. Kilichobaki na heri ni kile alichokitoa bila kukiandika jina lake.

Mjukuu wangu alipata nafuu usiku ule ule. Tulipokuwa tukitoka langoni, binti yangu alikitazama tena kile kibao, akasema, "Mama huyu alibahatika." Nikamwambia, "Na mumewe pia, mwanangu, kwa sababu yake."