Sweta zito la zamani larudi, mfanyabiashara akague uzi

Kuna neno la Kiswahili ambalo Wanyarwanda wamelifanya lao: caguwa. Ni "chagua", jinsi mitumba inavyomwagwa chini na kila mmoja akachagua. Sisi tuliosomea uhamishoni, huko Karagwe, hatukuhitaji kufafanuliwa tuliporejea. Shuleni tulivaa masweta ya mitumba, mazito, ya kahawia na kijivu, na wenzetu wakatuita wazee.

Sasa vijana niliowafundisha wananiuliza masweta yale yanapatikana wapi. Wanataka rangi za udongo. Kumbe rangi hizo si mapambo ya kiwandani. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, kondoo huzaliwa weupe, wa kijivu, wa kahawia hata weusi, na wafumaji walitumia sufu hiyo bila kuitia rangi. Miaka ya 1970 sura hiyo ya udongo ilitamba Ulaya na Marekani, na mengi ya masweta hayo yakaishia kwenye mabelo.

Ndugu mfanyabiashara wa mpakani, hapa pana hesabu. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. (Marekani ilikasirika, na Julai 2018 ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda.) Ushuru wa kilo haujali uzuri, unajali uzito. Sweta la gramu 800 lililolipiwa senti 16 likafika dola 2, wakati fulana ya gramu 200 ililipiwa senti 50 tu. Wapo waliojaribu magendo kutoka Goma na Bukavu, wakanyang'anywa mzigo na mtaji wote. Sisi walimu habari hizo hutufikia mapema, maana mtoto hukosa michango ya shule.

Kwa hiyo usinunue uzito wa bure. Sweta la akriliki nalo ni zito, lakini anayetafuta sufu hatalipa bei yake. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake huzimika upesi, na majivu husagika kidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kisha linyanyue sweta kwenye mwanga, uone kama nondo wametoboa.

Na tafadhali, usilifue kwa maji ya moto ili lipendeze mezani! Sufu hujikaza, ikawa nene kama blanketi, na hairudi tena. Maji baridi, sabuni laini, ulianike likiwa limelazwa.

Lililotoboka lisitupwe. Musanze wako wanawake wanaosokota sufu ya kondoo kwa mkono na kuipaka rangi za mimea. Mfumaji wa aina hiyo anajua thamani ya uzi. Lifumue kuanzia shingoni, loweka uzi unyooke, uukunje mabonge. Sweta moja la mtu mzima hutoa la mtoto, na uzi wa soksi hubaki.