Kiluwiluwi gani huyu asiyekua?

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo.

Mvua ikinyesha huku kwetu madimbwi yanajaa viluwiluwi. Muda si mrefu wanaota miguu, mkia unapotea, haooo wanaruka. Wana haraka kwa sababu jua la Hanang halina utani: dimbwi likikauka hujaota miguu, ndio basi tena.

Sasa kule Mexico kuna kiumbe anaitwa aksoloti. Ni salamanda, jamaa wa chura ila ana mkia (Bongo hatuna kabisa). Huyu bwana ana matamvua yaliyochomoza nje ya kichwa kama manyoya, na anabaki nayo mpaka anakufa. Anazaa, anapata wajukuu, bado mtoto! Mwaka 1865 huko Paris, mtaalamu Auguste Duméril alipigwa butwaa pale baadhi ya aliowafuga walipopoteza matamvua wakawa salamanda wa nchi kavu. Kumbe uwezo wa kukua upo, umelala tu.

Siri iko shingoni. Tezi ya shingo hutoa homoni inayomwamuru kiluwiluwi abadilike. Kwa aksoloti, ubongo hauisukumi tezi vya kutosha. Mpe homoni hiyo, anabadilika. Ila wale salamanda vipofu wa mapango ya Slovenia hata uwape vipi, wapi! Mwili wenyewe hausikii.

Na kwa nini abaki hivyo? Ziwa la Xochimilco lilikuwa na maji mwaka mzima, chakula kipo. Nchi kavu akafuate nini? Baadhi ya ndugu zake wa Marekani ni wajanja zaidi: bwawa likijaa wanabaki watoto, likianza kukauka wanavua matamvua na kuhama.

Homoni hiyo hiyo tunayo sisi, na mwili hauwezi kuitengeneza bila madini joto. Mjamzito akiyakosa sana, mtoto anadumaa mwili na akili, na ubongo ukishaathirika tiba ya baadaye hairudishi kila kitu. Ndio maana tangu miaka ya 1990 Tanzania ina sheria ya kuongeza madini joto kwenye chumvi ya kula. Chumvi inayookotwa ziwani, kama ya Balangida, haina ya kutosha mpaka yaongezwe. Ya pakiti huwa imeandikwa. Ile ya kupimiwa kwa kopo sokoni, muulize muuzaji imetoka wapi.