Kabla ya Kulipa Karo ya Kujifunza Kreni

Mzigo wa tani 2 ukining'inia mita 10 kutoka mahali kreni inapojiegemeza, unaivuta ipinduke kwa nguvu ile ile ya tani 4 zilizo umbali wa mita 5. Mwendeshaji mgeni huona mzigo umeinuka vizuri, akarefusha mkono wa kreni kidogo tu, na mtambo mzima ukalala. Pengine chini yake kuna mtu.

CM Labs, kampuni ya Montreal nchini Kanada, hutengeneza programu iitwayo Vortex ambayo humwezesha mwanafunzi kufanya kosa hilo bila kumuumiza yeyote. Huketi mbele ya skrini akishika vidhibiti vinavyofanana na vya mashine halisi. Mtambo huo huitwa simuleta.

Wengi wakiiona husema ni mchezo wa video. Katika mchezo, inatosha mzigo uonekane ukibembea. Hapa kompyuta hukokotoa upya, makumi ya mara kila sekunde, uzito wa mzigo, mkazo wa kamba ya chuma, msuguano na umbali. Mashine za kuchimba ni kibarua kigumu zaidi kwa sababu ya udongo: hukatika, humwagika, hurundikana, na ndoo huzidi kuwa nzito kadiri inavyojaa. Mwanafunzi akichota vibaya, anaona matokeo papo hapo, kisha anarudia. Hakuna dizeli iliyochomwa wala bomba la maji lililopasuliwa.

Hata hivyo, simuleta haimfundishi mtu kuvumilia vumbi na joto la mtaro, wala haimpi leseni. Hapa Kenya, mitambo ya ujenzi iko katika daraja G la leseni za NTSA.

Kwa hivyo kijana, au mzazi anayeuza ng'ombe ili kulipa karo, aulize kwanza: mwanafunzi mmoja hukaa saa ngapi kwenye usukani wa mashine halisi, mbali na saa za kusimama kando akitazama wenzake? Kama chuo kina simuleta, omba uonyeshwe ikifanya kazi. Zidisha mzigo, nyoosha mkono wa kreni, uone kama itapinduka. Isipopinduka, huo ni mchezo.

Hakikisha pia kwamba chuo kimesajiliwa na TVETA kabla ya kutoa pesa.