Ghala la Damu Mjini Kampala

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, lipo ghala lisilo na bunduki wala nafaka. Ndani ya majokofu yake huhifadhiwa sampuli za damu, ambazo wataalamu husoma ndani yake jenomu, yaani jumla ya maagizo ya urithi ambayo binadamu hupokea kwa wazazi wake.

Ghala hilo ni moja kati ya matatu yaliyogharimiwa na mpango wa H3Africa, uliotangazwa mwaka 2010. Mengine yamo Nigeria na Afrika Kusini. Fedha zilitoka katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, pamoja na mfuko wa Wellcome wa Uingereza. Chini ya mpango huo, wataalamu wa Makerere na wenzao walichunguza kwa nini watu wawili huumwa na mbung'o, mmoja akaugua malale na mwenziwe akasalimika. Askari aliyepata kulinda doria porini hahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo.

Fedha za Marekani kwa mpango huo zilikoma mwaka 2022. Jokofu, hata hivyo, hudai umeme usiku na mchana. Likizimika, sampuli huharibika. Mjini Addis Ababa, mwaka 2007, viongozi wa Umoja wa Afrika walihimizana kila nchi itenge kwa utafiti angalau asilimia 1 ya pato la taifa. Nchi nyingi za bara hili hazijafikia kiwango hicho.